Kuna Mwingine Anaitaka

Simu iliporuka juu ya meza ya mapokezi, Bi Pole aliruka nayo. Akachungulia jina, akaona ni Mwanya, na badala ya kupokea kama binadamu wenzake akaifunika kwa faili la mgonjwa na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili. Ikatetemeka wee, ikachoka, ikanyamaza. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye viti wakamtazama. "Poleni," akawaambia. Hilo ndilo lilikuwa neno lake na ndilo lililompa jina, maana kila aliyeingia kliniki ile ya meno akiwa ameshika shavu alipokewa na "pole" kabla hajafungua mdomo.

Hajamaliza kuvuta pumzi, simu ikaruka tena. Safari hii ni Dhahabu. Basi hapo Bi Pole, mama mzima mwenye mvi zake, aliinuka akaingia stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi la glavu.

Mtu angedhani ana kesi. Wala! Hao wawili walikuwa wakimtafuta kwa jambo la heri. Walikuwa mawakala wa waandishi, watu ambao kazi yao ni kuuchukua mswada wako, kuunyoosha, kuupeleka kwa wachapishaji na kukutetea usipunjwe. Mwandishi mgeni asiye na wakala atagonga milango ya wachapishaji mpaka vidole viote sugu, na hakuna atakayemwambia hata karibu. Bi Pole alikuwa ameandika riwaya moja tu maishani mwake, ameiandika miaka chungu nzima kwenye meza ya jikoni, akisogeza sahani huku na kalamu kule, na sasa amepata mawakala wawili kwa mpigo. Kila mmoja anataka jibu kabla ya Jumamosi. Mwingine angefanya sherehe. Yeye yuko stoo, kijasho chembamba kinamtoka.

Majina ya Mwanya na Dhahabu aliwabandika mwenyewe. Pale kliniki watu huitwa kwa meno yao, ni tabia ya kazi. Mwanamke alikuwa na mwanya mzuri wa mbele na alijua kuutumia, anacheka hata akisema kuna jua. Mwanamume alikuwa na jino moja la dhahabu huku nyuma, ambalo Bi Pole aliliona mara moja tu, alipopiga mwayo. Akicheka hakuwahi kumwona.

Sasa kilichomfungia mwanamke huyu stoo ni uongo wake mwenyewe, na uongo huo aliutoa kazini kama mtu anavyobeba kalamu ya ofisi mpaka nyumbani.

Mgonjwa wa meno ni mtu wa kusitasita. Atapiga simu jino linamwamsha usingizini, ukimpa miadi anaanza, "Ngoja niangalie ratiba yangu." Ratiba gani? Anaogopa sindano! Bi Pole alikuwa na dawa ya watu hao, na aliitumia kila uchao bila kujisikia vibaya hata chembe. "Hakuna shida," atasema kwa sauti ya asali, "ila kuna mwingine anaitaka hiyo nafasi." Mwingine huyo hakuwepo. Hajawahi kuwepo tangu kliniki ifunguliwe. Lakini mgonjwa akimsikia tu, huyo, anaishika nafasi kwa mikono miwili. Na akishafika, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Itauma?", Bi Pole alikuwa na lake la pili: "Hutasikia kitu." Nalo ni uongo, na mliowahi kung'olewa gego mnajua.

Mswada ulikuwa umekaa kwa mawakala wale wawili miezi na miezi. Kimya. Asubuhi moja alikuwa amemnasa mgonjwa mmoja msumbufu kwa yule "mwingine" wake, na mtu kakubali palepale, tena kashukuru. Bi Pole akaitazama simu mkononi. Ndipo shetani gani sijui alipomkalia begani. Akamwandikia Dhahabu, kwa adabu zote, kwamba anamjulisha tu kuwa Mwanya ameonyesha nia ya kuuchukua mswada wake. Akamwandikia Mwanya, kwa adabu zilezile, kuwa Dhahabu ameonyesha nia. Akatuma zote mbili, akaita mgonjwa anayefuata.

Kesho yake Mwanya akapiga simu, sauti imejaa sukari. Siku chache baadaye Dhahabu akaandika mstari mmoja: "Njoo tuzungumze."

Hapo ndipo hofu ilipompanda. Ya kwanza ilikuwa ya Jumamosi. Jumamosi hiyo watu wa vitabu walikuwa na mkutano wao wa mwaka, na mawakala wale wangekuwa ukumbi mmoja, pengine meza moja. Bi Pole aliwasikia kabisa kichwani. "Hongera, nasikia ulimtaka wewe kwanza." "Mimi? Si ulianza wewe!" Kisha watageuka wote wawili kumtafuta, na wachapishaji wote wako palepale wanasikia. Nani atamgusa tena? Mswada utakwenda na maji, na miaka yote ile jikoni itakwenda nao.

Hofu ya pili hakuweza kumwambia mtu. Kama kila mmoja alikitaka kitabu kwa sababu alidhani mwenzake anakitaka, basi hakuna aliyekitaka. Hii ndiyo iliyokuwa ikimwamsha na kumkalisha kitandani.

Alikwenda kwa Mwanya kwanza. Ofisi safi, madirisha makubwa, vitabu vimesimamishwa kifua mbele kama vinapigwa picha. Mwanya aliinuka akamkumbatia.

"Mdogo wangu! Umeniliza wewe! Nimelia peke yangu kama mwehu!"

Bi Pole akayeyuka. Tangu azaliwe hakuna aliyemlilia kwa jambo zuri. Lakini hofu nayo ina macho yake, ikamsukuma aulize. "Ulilia wapi hasa, dada?"

"Aa, pale wanapogombania kabati la marehemu mama yao. Jamani, lile kabati!"

Riwaya yenyewe ilihusu dada wawili waliogombana baada ya kumzika mama yao, wakajenga ukuta katikati ya sebule, kila mmoja akabaki upande wake miaka na miaka. Kabati lilikuwa ukurasa wa nne.

"Na mwisho je?"

"Mwisho mtamu! Usiguse hata nukta." Mwanya akasogeza kiti, akashusha sauti. "Niambie kweli. Yule mzee amekuahidi nini?"

"Nani?"

"Usinifiche, bwana. Yeye. Amekuahidi nini?"

Aliuliza hilo mara tatu kabla Bi Pole hajaaga. Mlangoni akamkumbatia tena, akamwambia watafsiri watapigania kitabu hiki, wachapishaji watapanga foleni, na yeye asiwe na wasiwasi hata kidogo. Ni maneno matamu, na Bi Pole aliyatambua. Yeye mwenyewe huwapa watu ya namna hiyo kutwa nzima.

Kwa Dhahabu ilikuwa kupanda ngazi nyembamba juu ya duka la kuziba matairi. Chumba kinanuka mpira, karatasi zimelala hadi kwenye kiti cha wageni, na mzee hakuinuka. Alihamisha rundo moja kwa mguu, akamwonyesha akae. Mswada ulikuwa mbele yake, umechoka, pembe zimejikunja, kurasa nzima nzima zimechorwa kwa penseli. Bi Pole alipouona hivyo alihisi amevuliwa nguo.

"Ukuta usingevunjika," akasema Dhahabu, hata salamu haijapoa.

"Samahani, mzee?"

"Mwishoni. Dada mkubwa anaumwa, mdogo anachukua nyundo, anabomoa ukuta, wanakumbatiana. Uongo. Hawa watu umewajenga wewe kurasa zote hizi, nawajua kuliko majirani zangu. Yule mdogo angekaa upande wake anasikiliza kikohozi. Kingepungua, kingekata, na yeye bado amekaa. Mbona ukauvunja?"

Bi Pole akajitetea. "Msomaji akifika pale ameshachoka na huzuni. Nilimwonea huruma."

"Msomaji hakukuomba huruma. Uliogopa." Akapindua karatasi. "Ukija kwangu, mkataba upo, ila sura tatu za mwisho tunazitupa. Sitampelekea mchapishaji yeyote mpaka uziandike upya. Kama unataka wa kukusifu, wapo."

Akashuka ngazi akimtukana kimoyomoyo. Kisirani! Mzee hana hata chembe ya utu! Lakini alipofika chini, kati ya matairi, akasimama. Kwa sababu ule mwisho aliousema mzee, wa kikohozi kinachokata, aliwahi kuuandika. Aliuandika mchana mmoja jikoni, akalia mpaka chakula kikaungua, akauchana vipande vidogo asije akausoma tena. Hakumwonyesha mtu yeyote duniani. Mzee alijuaje? Hilo lilimtisha kuliko ukali wake wote. Na kitu kingine hakukitilia maanani siku ile: mzee hakumuuliza habari za Mwanya hata mara moja. Yeye alidhani ni kiburi tu.

Alhamisi jioni alimkuta mama yake sebuleni anakunja nguo. Walikuwa wakikaa wawili tu, na mama alikuwa mtu wa kusema lililopo.

"Umeshachagua dalali?"

"Wakala, mama."

"Si ndiyo haohao? Anayekuuzia kitu chako na kula humohumo, huyo ni dalali. Umemchukua yupi?"

"Mmoja ananisifu sana. Mwingine ananitisha."

"Chukua anayekusifu, ulale." Mama akalikung'uta shuka. "Maana hulali. Nakusikia unazunguka humo ndani kama mwizi aliyekosa mlango. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"We mtoto, mimi si nilikuzaa? Ulipokuwa mdogo ukivunja sahani huitupi. Unaificha chini ya godoro, halafu unalala juu yake, unahangaika usiku kucha inakuchoma mbavu. Asubuhi macho mekundu, 'sijafanya kitu'. Haya, niambie sahani yenyewe iko wapi."

 Bi Pole akashika ncha mbili za shuka, wakalikunja pamoja, upande wake ukajipinda kila mara hadi mama akaliacha lile shuka, akamtazama tu.

Ijumaa akapiga moyo konde. Angemchagua Mwanya, yaishe. Wakati wa chakula cha mchana, mapokezi yametulia, akampigia.

"Dada, nimeamua. Nakuja kwako."

Weee! Mwanya alipiga kigelegele mpaka Bi Pole akaitoa simu sikioni. "Nilijua! Nilijua tu! Tena kesho tuko pamoja mkutanoni, meza moja. Nitamwambia mbele za watu. Nataka niuone uso wake!"

Damu ilimkauka Bi Pole. Akauona uso huo hata yeye. Akaona midomo ikifunguka, "Mimi sikumtaka, nilisikia unamtaka wewe," na ukumbi mzima kimya. Basi maneno yakamtoka kabla hajayachuja, yote kwa pumzi moja: kwamba alidanganya, kwamba siku aliyoandika yeye, Dhahabu hakuwa amesema neno, kwamba aliwaandikia wote wawili mambo yaleyale, kwamba anaomba radhi, na radhi tena.

 Upande wa pili hata cheko hakuna.

"Kwa hiyo hakuwa anakitaka," Mwanya akasema mwishowe.

"Wakati ule hapana, dada. Sasa anakitaka."

"Kwa sababu alidhani mimi nakitaka."

"Labda." Bi Pole akafumba macho. "Na wewe, dada? Wewe unakipenda?"

"Kitabu kizuri, mdogo wangu. Kizuri sana. Ila unajua mwaka huu nimejaa mno. Ngoja kwanza nikisome... ngoja nikisome tena, halafu tutaongea." Simu ikakatika kistaarabu kabisa.

Bi Pole akabaki ameshika simu. Kwa hiyo hakusoma. Alilia kwa ukurasa wa nne! Mgonjwa mmoja akaingia ameshika shavu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Bi Pole hakusema pole.

Sasa amebaki na mmoja, naye kesho ataambiwa kila kitu na mwanamke aliyekasirika. Na akili ya mtu mwoga ina mbio. Ikamwambia: nenda leo. Mkataba mzee anao tayari, alisema mwenyewe. Weka sahihi leo, kesho wakikutana utakuwa umeshafungwa naye, atakuwa hana la kufanya. Akamwomba daktari ruhusa, akasema ana dharura ya kifamilia, uongo mwingine huo, akatoka mbio.

Dhahabu alimwonyesha kiti kwa kidevu. Bi Pole hakukaa. "Nimekuja kuweka sahihi, mzee."

Mzee akamtazama, akavuta droo, akauweka mkataba juu ya meza na kalamu juu yake. "Usome kwanza."

"Nakuamini."

"Mimi sijakuuliza kama unaniamini. Soma."

Akainama. Maandishi yakaogelea. Kalamu alikuwa ameshaishika, na ncha yake iligusa karatasi, ikaacha kinukta cheusi pale pa sahihi. Sekunde moja tu ilikuwa imebaki! Jina lake na basi. Lakini chini ya ule mkataba ulikuwa umelala mswada wake, pembe zimejikunja kwa kusomwa, na Bi Pole akajua kama akiandika jina sasa hatajua kamwe. Huyu naye alisoma kwa sababu gani? Maisha yake yote atalala juu ya hiyo sahani.

Akaiweka kalamu chini. Akakaa juu ya karatasi za watu.

"Mzee, nilikudanganya. Mwenzako hakuwa ameutaka. Hakuna aliyekuwa ameutaka. Na leo nimemwambia naye, ameniacha." Akasubiri afukuzwe. Chini, nyundo ya fundi wa matairi ikagonga, ikanyamaza, ikagonga.

"Najua," akasema Dhahabu.

"Unajua nini?"

"Siku ujumbe wako ulipoingia, mwenzangu huyo alikuwa amekaa hapohapo ulipokaa wewe, anakunywa chai yangu na kunililia kwamba miswada imemjaa hadi jikoni na tangu mvua zianze hajafungua hata mmoja. Nikausoma ujumbe, nikamtazama, nikausoma tena." Na hapo ndipo mzee alipocheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na mazoezi, na lile jino la dhahabu likaonekana lote. "Nikasema, huyu mwandishi ana uso mkavu!"

Bi Pole hakuweza kucheka.  "Kama ulijua tangu siku ile, kwa nini ukaniita?"

"Nilitaka kuona mwongo wa namna hiyo anaandikaje. Nikauchukua mswada ili nicheke. Kurasa kumi, nikakusahau wewe na uongo wako. Nilipofika kwenye ukuta, chai ilishapoa." Akaacha kucheka. "Mimi sikuwa nashindana na mtu. Nilikuwa peke yangu humu na kitabu chako."

Kwa hiyo yuko mmoja. Mmoja aliyekitaka, bila mwingine. Bi Pole akayasikia machozi yanakuja, akajikaza kisabuni, hayakukazika, yakashuka tu mbele ya mzee wa watu. Mzee akatazama dirishani mpaka yakaisha.

"Na kama ningeweka sahihi bila kusema?"

"Ningekupokea hivyohivyo. Nikiwangoja wakweli peke yao nitafunga ofisi." Kisha akauvuta mswada, akahesabu kutoka nyuma, akazitoa sura tatu za mwisho, ukuta na nyundo na kukumbatiana kote, akazitupia kwenye kapu la taka chini ya meza. Pale zilipokuwa akaweka karatasi tupu. "Mdogo amekaa upande wake. Anasikia kikohozi. Anza hapo."

Bi Pole akaiangalia ile karatasi, na hofu ikamrudia yote, kubwa kuliko ya stoo, kubwa kuliko ya Jumamosi. Alijua kilichomo. Alishawahi kukichana kwa mikono yake. Akasikia sauti ikimtoka, ndogo, sauti aliyoizoea kwa wengine wanaoshika shavu.

"Itauma?"

Alikuwa akilijua jibu lake. Miaka yote ile hakuna aliyelijua kuliko yeye. Akangoja aambiwe.

"Itauma sana," akasema Dhahabu.

Bi Pole akachukua kalamu, akaweka sahihi, akavuta kiti karibu na meza.